Mlango Aliojifunza Kutoufungua

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Vizimba anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika idara yetu ya majaribio ya dawa za saratani. Alikuja akiwa msaidizi katika nyumba ya panya. Anaondoka akiwa msimamizi wa chumba cha seli. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna korido fupi tu, ambayo mtu huivuka kabla chai haijapoa mkononi. Yeye aliivuka kwa karibu umri mzima wa kazi, na alipofika upande wa pili tukageuka na kujikuta sote tumemfuata.

Kuandika wasifu huu nimeachiwa mimi, mtu wa hesabu wa idara, kwa sababu moja tu: kikao kilipouliza nani ataandika, wenzangu waliinamisha vichwa haraka kuliko mimi. Kwa hiyo msomaji akikuta sentensi iliyopinda, asimlaumu mstaafu. Yeye alifanya kazi yake vizuri.

Jina la Mama Vizimba hakuna anayekumbuka nani alilianzisha. Nyumba ya panya ilikuwa ni kile chumba kirefu kilicho nyuma ya jengo, chenye rafu za vizimba vya plastiki kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, kikinukia maranda ya mbao na sabuni. Kila asubuhi aliingia kwa kunyata, akawasha taa za upande mmoja kwanza ili asiwashtue wenyeji, kisha akapita rafu kwa rafu akifungua vifuniko na kusalimia. "Mmeamkaje humu?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetarajia kujibiwa. Wageni walimwona kama ana kasoro kidogo. Sisi tulijua kwamba panya aliyeamka mgonjwa siku hiyo hatalala mgonjwa bila kuhudumiwa.

Alikuwa pia na sharti lake, ambalo halikuandikwa popote na ambalo hakuna mkurugenzi aliyethubutu kulifuta. Mtafiti yeyote aliyetaka panya kwa ajili ya jaribio alipaswa kwanza kushinda naye asubuhi moja, akibadilisha maranda na kuosha chupa za maji. "Njoo kwanza muonane," alikuwa akisema, kana kwamba anapanga posa. Wapo waliokuja na maombi manene na kuondoka mchana na maombi membamba. Hakumhubiria mtu. Alimpa aproni, basi.

Mimi mwenyewe nilikwenda nikiwa kijana wa tarakimu, nimevaa tai, nikidhani panya ni namba zenye masikio. Nilimshika wa kwanza kama mtu anayeshika kalamu, naye akanishukuru kwa meno. Ukelele nilioutoa ulisikika hadi ofisi ya uhasibu. Mama Vizimba alimchukua panya kwanza, akamtuliza, akamrudisha kwake salama, ndipo akakumbuka kwamba na mimi nipo. Alinifunga plasta huku akiniambia, "Pole, baba. Lakini na wewe ungeshikwa hivyo ungeng'ata." Ombi langu nililipunguza nusu kabla damu haijakauka.

Sasa nieleze jambo ambalo bila hilo wasifu huu hauna uti wa mgongo.

Zamani kidogo ilikuja kwetu dawa moja ambayo wakongwe wa idara bado wanaitaja kwa kushusha pumzi. Tuliwapa panya waliopandikizwa uvimbe, na uvimbe ukayeyuka. Panya waliokuwa wamejikunyata pembeni ya kizimba walianza kupanda hadi kwenye chupa ya maji, kisha wakaanza kugombana, na kwa Mama Vizimba ugomvi ulikuwa dalili kuu ya afya. Idara nzima ilishangilia. Aliyeshangilia kuliko wote ni yeye, maana wakati huohuo dada yake mkubwa, yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemsuka nywele na kumpeleka shule kwa mkono, alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya aina ileile katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara.

Alikwenda mbio kwa dada yake bila hata kuvua aproni. "Dada, panya wangu wote wamepona!"

Dawa ilipofika kwa binadamu, dada akiwa mmoja wa waliojitolea kuijaribu, haikufanya lolote. Haikumdhuru sana, haikumsaidia hata kidogo. Uvimbe ulikaa palepale kama mgeni asiyeelewa kwamba muda wa kuaga umefika. Dada, ambaye ni mtu wa mzaha hata kitandani, alimwambia, "Basi mdogo wangu, kosa ni langu. Ningekuwa na mkia ningepona."

Alitibiwa kwa njia za zamani, akafanyiwa upasuaji, akaendelea kuishi. Lakini mdogo wake alirudi katika chumba kirefu akiwa na swali ambalo hakulificha. Wale panya, ambao jaribio likiisha huuawa ili wachunguzwe, walitoa uhai wao ili watujibu, na jibu walilotupa lilikuwa la panya. Kwa nini basi tuendelee kuwauliza mambo ya watu? Tangu siku hiyo alitamka wazi, kwenye chai na kwenye vikao, kwamba ana haja moja kabla hajastaafu: kukiona chumba kirefu kitupu. Hakutaka kitupu kwa amri ya mtu wala kwa huruma ya wiki moja. Alitaka kiwe kitupu kwa sababu tumepata mahali bora pa kuuliza.

Mahali hapo aliletewa na Bwana Jeli. Huyu ni mtaalamu wetu wa seli, aliyefika akiwa na viatu vinavyong'aa na matumaini yanayong'aa zaidi. Kazi yake, kwa lugha ambayo hata mimi naielewa, ni hii: mgonjwa akifanyiwa upasuaji na akakubali, kipande kidogo cha uvimbe wake huletwa kwetu. Kipande hukatwakatwa, huchanganywa na jeli laini, huwekwa katika sahani ndogo za plastiki na kulishwa maji ya lishe. Baada ya muda seli hujikusanya na kuwa vivimbe vidogo kama punje za mchanga. Ukividondoshea dawa, unatazama kwa hadubini kama vinakufa au vinaendelea na maisha yao. Hakuna aliyeng'atwa, na seli ni za binadamu.

Watu walikaa mkao wa kutazama ngumi. Huyu si ndiye aliyekuja kuimaliza kazi ya Mama Vizimba? Mama Vizimba akamvutia kiti, akamkaribisha, akauliza swali moja la mwenye nyumba: "Vinakula nini?" Wiki iliyofuata aliomba ahamishiwe chumba cha seli nusu ya siku, ajifunze kuanzia mwanzo, akiwa katika umri ambao wengi wetu tunaomba kuhamishiwa karibu na mlango wa kutokea.

Miezi hiyohiyo dada yake alifanyiwa upasuaji wa pili. Alipoulizwa kama kipande chake kinaweza kutumika katika utafiti, alisema wachukue chote, yeye hakihitaji. Vipande hufika kwetu vikiwa na namba tu, bila jina. Si Bwana Jeli, si mimi, wala Mama Vizimba aliyejua kipi ni cha nani. Alijua tu kwamba ndani ya kabati la joto, ambamo sahani hizo hutunzwa, kwenye mojawapo kuna dada.

Kamati ya maadili ya utafiti ilitupa nafasi moja. Tungepewa dawa kadhaa ambazo tayari inajulikana zilifanya nini kwa wagonjwa, zikiwa zimefichwa majina na kupewa rangi. Sahani zikiweza kutenga zilizofaa na zisizofaa, mchujo wa kwanza wa dawa zote mpya utafanywa kwenye sahani, na oda kubwa ya panya haitatumwa tena. Zikishindwa, oda itatumwa kama kawaida na chumba kirefu kitajaa. Mama Vizimba alikuwa amebakiza miaka michache. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: sahani zikipita sasa ataona mwenyewe, zisipopita wataona wengine.

Na seli zikaanza kufa.

Kundi la kwanza lilidhoofika na kusinyaa. La pili lilikua kwa shingo upande, kisha likaota ukungu. Bwana Jeli alilaumu jeli. Akaibadilisha. Alilaumu maji, umeme, na kampuni iliyotuuzia sahani. Mimi nilichora grafu tatu za rangi zikithibitisha kwamba tatizo ni majira ya mwaka, na hadi leo zimebandikwa chooni kwa wanaume na mtu ambaye sitamtaja, ila viatu vyake vinang'aa. Mama Vizimba alihuzunika kuliko sote. Kila sahani iliyokufa aliitazama kwa muda kabla ya kuitupa, na kila mara alizidisha uangalizi.

Hapo kwenye kuzidisha uangalizi ndipo palipokuwa na balaa lenyewe.

Asubuhi moja mimi na Bwana Jeli tuliingia chumba cha seli tukibishana kuhusu grafu zangu, tukamkuta amefungua kabati la joto wazi kabisa, ameinama, kichwa kikiwa karibu kuingia ndani, anasema kwa upole, "Mmeamkaje humu? Jana mlinitia wasiwasi." Alikuwa akifanya alichofanya miaka yote: mlinzi mwema huwapitia wanyama wake tena na tena. Akifika, anafungua. Akitoka kunywa chai, anafungua. Akikumbuka tu, anafungua. Na kwa kuwa hakujua ni sahani ipi yenye dada yake, alizisalimu zote, moja baada ya nyingine, asije akamruka.

Tatizo ni kwamba kabati hilo si kizimba. Linashika joto la mwili wa binadamu na hewa iliyopimwa kwa makini. Kila ukilifungua, joto linatoka, hewa inatoka, na vijidudu vya nje vinaingia bila kubisha hodi. Seli zetu zilikuwa zikifa kwa kusalimiwa.

Kwa sifa ya Bwana Jeli niseme kwamba hakupandisha sauti. Alimweleza polepole, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Mama Vizimba aliurudisha mlango, akasimama mbele yake akiwa ameshika kiuno. "Yaani ni mimi?" Akamgeukia Bwana Jeli. "Mwanangu, si ungeniambia tangu mwanzo kwamba hivi ni viumbe visivyotaka wageni?"

Jioni alimweleza dada yake kwenye simu, akitarajia kufarijiwa. Alichopata tulikisikia sote, kwa kuwa simu yake husikika hata akiiweka sikioni: "Ala! Kwangu mimi unakuja mwezi kwa mwezi, tena mpaka nikupigie! Kumbe kipande changu kinatembelewa kila saa?"

Kilichofuata ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kumwona mtu akijifunza. Kumfundisha mtu kufanya jambo ni rahisi. Huyu alikuwa anajifunza kutofanya jambo alilolifanya kwa upendo nusu ya maisha yake. Aliweka kiti mbele ya kabati. Alikaa akilitazama. Mikono ilipoanza kusogea yenyewe, aliikalia. Kweli kabisa: aliweka viganja chini ya mapaja, akavikalia, akaendelea kusalimia kupitia mlango uliofungwa. Mlango ukafunguliwa kwa ratiba ya lishe tu, kwa muda mfupi, na kwa mikono iliyokwisha kujipanga. Hadi leo katika idara yetu mtu akiwa na papara, awe anataka kutuma ripoti kabla ya wakati au kukoroga kitu kilichoandikwa "usikoroge", huambiwa, "Kalia mikono." Mkurugenzi ameambiwa hivyo hadharani, na alitii.

Seli zikaishi. Zikakua, zikanenepa, zikawa vivimbe vya duara vinavyopendeza kwa namna yake, kama unaweza kusamehe neno hilo kwa kitu kibaya hivyo. Tukadondosha dawa za rangi. Kazi ya kuhesabu seli zilizo hai na zilizokufa ilikuwa yangu, na niliifanya nikiwa nimekalia mkono mmoja.

Bahasha ya majina ilipofunguliwa mbele ya kamati, sahani zilikuwa zimetenga dawa karibu zote kwa usahihi. Lakini wote tulikuwa tukingoja rangi ya zambarau. Kwenye sahani za zambarau seli zilikuwa hazijajali kitu. Ziliogelea ndani ya dawa kama ziko likizo. Tulikuwa tumeandika: haifai kwa binadamu. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alisoma jina lililofichwa nyuma ya rangi hiyo. Ilikuwa ni ileile dawa iliyoponya panya wote.

Mama Vizimba hakushangilia. Alivuta pumzi ndefu, akasema taratibu, kama anayeongea na mtu asiyekuwepo, "Kumbe ungeweza kuambiwa mapema."

Bwana Jeli, akiwa amepata moto, alianza kuieleza kamati kwamba panya hawahitajiki tena kabisa. Hapo Mama Vizimba alimvuta koti akae. Aliiambia kamati kwamba sahani haina ini, haina tumbo, haikohoi, wala haiwezi kusema kichwa kinauma. Kwamba dawa chache zitakazopita mchujo bado zitahitaji kuulizwa kwa mwili mzima, mpaka atokee mtu mwenye njia nyingine. Na kwamba yeye hakufika pale kudanganya kwa faida ya panya wala kwa faida ya watu. Mwenyekiti alivaa miwani yake ili amwone vizuri. Akamuuliza kama anatambua kuwa kamati ikikubali, sehemu kubwa ya kazi yake ya nyumba ya panya itakwisha. "Mama," alijibu, "mlango wa chumba kile nitaufunga mwenyewe, na funguo nitakuletea hapahapa."

Kamati ilikubali. Oda haikutumwa. Nimefikiria sana jinsi ya kuipima faida hiyo katika jedwali na nimeshindwa, kwa sababu panya wanaohusika hawakuzaliwa. Kuna maelfu ya viumbe ambao hawatajua kamwe kwamba kuna mwanamke alikalia mikono kwa ajili yao.

Waliokuwepo aliwatunza mpaka wa mwisho. Aliosha vizimba, akavipanga juu chini vikauke, akafagia maranda, akazima taa za upande mmoja, kisha za upande wa pili. Chumba kirefu sasa ni darasa la kufundishia ukuzaji wa seli. Panya wachache wanaoagizwa kwa ajili ya dawa zinazopita mchujo wanaishi katika chumba kidogo cha jirani, na sharti la aproni bado lipo. Waliofundishwa na Mama Vizimba wako katika maabara nyingi hivi sasa. Utawatambua kwa jinsi wanavyokaa.

Tunamshukuru kwa usafi wa mikono yake na kwa ukweli wa mdomo wake. Tunamshukuru kwa kukosea mbele yetu na kubaki palepale, badala ya kwenda kukosea mahali pengine. Bwana Jeli anamshukuru kwa kumvuta koti. Mimi namshukuru kwa plasta. Mkurugenzi ameomba niandike kwamba pengo lake halizibiki; nimeandika, ingawa mwenyewe ameacha watu watano wa kuliziba na amewapangia zamu.

Dada yake, ambaye bado anahudhuria kliniki na bado ana mdomo, atakuwa mstari wa mbele Ijumaa. Alipopigiwa simu kualikwa alisema atakuja, si kwa ajili ya hotuba zetu, ila kuhakikisha kwamba kweli tunamwachia mdogo wake arudi nyumbani.

Zawadi ya idara nitaitaja hapa, maana siri imeshavuja. Lile kabati la joto la kwanza limechakaa na limeondolewa. Fundi amefungua mpini wa mlango wake, akausafisha na kuupigilia kwenye ubao laini wa kutundika. Mama, huo sasa ni wako. Ushike, uuvute utakavyo, kila saa ukipenda. Hakuna seli itakayodhurika. Lakini usiutundike kwako. Dada yako ameshachagua mahali, kwenye mlango wake wa mbele, usawa wa mkono wako.

Nenda salama, Mama Vizimba, pamoja na shukrani zetu zote. Afya iwe nawe, usingizi uwe mrefu, na huo mlango uufungue bila kuhesabu, maana ndio pekee tunaoujua ambao kila ukifunguliwa, ndani panazidi kupata joto.